Shimo Nililoliacha Lipumue

Siku shimo langu lilipofunguliwa, pale kwetu Bwera, walikuwepo hawa: mama mkwe, mwenye ng'ombe; mume wangu, mtoto wa kwanza wa mama mkwe, aliyekuja kutoka kazi ya reli Kasese; shemeji yangu, mdogo wa mume wangu; mke wa shemeji, aliyeolewa kutoka Kongo; mimi mwenyewe; na binti yangu mgongoni, niliyekuwa nimemwachisha ziwa kwa sababu nilikuwa na mimba nyingine. Majina yao yote ninayo, hata la ng'ombe. Siyaandiki, maana watoto wao wanajua kusoma.

Ng'ombe alikuwa mmoja tu, naye alilala kwangu. Mke wa mtoto wa kwanza ndiye hukaa na ng'ombe wa mama mkwe, ndivyo nilivyokuta. Asubuhi nilikamua, nikampelekea mama mkwe kibuyu chake, yaliyobaki akanywa binti yangu. Lakini kiangazi kilichotangulia nyasi ziliungua mpaka kule chini Kikorongo, maziwa yakakatika, ng'ombe akabaki mbavu. Mama mkwe akasema mbele yetu wote: "Ng'ombe wangu hatakufa kwa ajili ya heshima ya mtu. Kiangazi kijacho, atakayeweza kumlisha ndiye atakaa naye."

Aliposema vile hakunitazama mimi. Alimtazama mke wa shemeji.

Huyo alikuwa na mwanya, na sauti ya kuimba. Kikonzo, lugha yetu, hakukijua, tulizungumza naye Kiswahili, na kila akikosea neno nyumba nzima inacheka kwa kumpenda. Mimi nilipoolewa hakuna aliyecheka. Waliniangalia mikono tu, kama inajua jembe.

Mvua zilipokaribia kuisha tuling'oa muhogo. Nikawa nakata ncha za miti, zile laini zenye majani, natupa.

"Yaya," akaniita, kwao ndiyo dada mkubwa, "hii yote unatupa?"

"Chukua, upike sombe, kisamvu chenu kile, mpaka uchoke."

Hakupika. Alizianika zikanyauka, akasema ni akiba ya ng'ombe ya kiangazi, na mbichi inaweza kuua hata mbuzi. Akazikatakata kwa panga juu ya gogo. Akachimba shimo nyuma ya nyumba yake, akalitandika majani ya ndizi, akawa anamwaga kidogo, anaingia anakanyaga, kitenge amekikunja magotini, anaimba. Mume wangu alikuwa amekuja mapumziko. Alisimama pale akacheka mpaka akajifuta macho. Kwangu alikuwa akifika anavua viatu, analala.

Nami nikachimba langu, kubwa kuliko lake. Kumwuliza sikumwuliza. Ya nini? Shimo na majani ya ndizi, nani Bwera hajui? Ndivyo baba yangu alivyoivisha ndizi za pombe: unawasha moto shimoni lipate joto, unatoa majivu, unapanga, unafunika, unaacha mdomo mdogo wa kupulizia moshi. Nikafanya hivyo hivyo, nikapanga taratibu bila kukanyaga, maana ndizi za kuivisha hazikanyagwi.

Akapita na maji kichwani, akasimama.

"Yaya, funga kabisa. Hewa ikiingia, itaoza."

"Asante, mama."

Alipoondoka nikajisemea, ahaa. Huyu anataka yangu iharibike. Mtu ana shimo lake, ana mume anayelala nyumbani kila siku, anacheka na wangu pia, halafu aje anifundishe jinsi ya kumshinda? Ule mdomo sikuuziba. Niliupanua kidogo.

Kiangazi kikaingia. Mama mkwe akataka mashimo yote mawili yafunguliwe siku moja, sisi wote tukiwepo. Tukaanza kwake. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya zeituni, yamebanana, unayakata kama mkate, yana harufu kali ya uchachu kama pombe changa. Tukaja kwangu. Juu kulikuwa na ukungu mweupe, chini uji mweusi, na mvuke ukatoka.

Shemeji akaziba pua. "Shemeji, hapa hata fisi ataomba samahani."

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "ulikuwa unapika pombe au umezika mtu?"

Mume wangu akacheka. Hicho kicheko nilikuwa nimekitamani siku nyingi.

Ng'ombe akaletwa. Akanusa langu, akapiga chafya. Kwa mwenzangu akaingiza mdomo hakuutoa, mkia unacheza. Mama mkwe akachukua kamba, akamkabidhi mwenye shimo zuri.

Yule wa Kongo akanishika mkono. "Yaya, mutoto atakunywa kwangu kila siku."

Heri angenitukana. Maana ilikuwa kweli: kila asubuhi binti yangu alikwenda na kikombe chake, akarudi na weupe juu ya mdomo, ananisimulia ya kule kwa maneno yake ya kitoto, walivyocheka, wimbo gani umeimbwa. Alinenepa. Mimi nilimfuta ule weupe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ninaandika kwamba ng'ombe aliondoka kwangu bila kugeuka hata mara moja, ndivyo ninavyomwona mpaka leo. Lakini macho yangu siku ile hayakuwa mazuri. Kama yuko aliyekuwepo, au aliyesimuliwa na aliyekuwepo, na anajua kwamba aligeuka akanitazama, tafadhali anirekebishe. Hilo nitalifuta kwa furaha.