Namba Kumi na Nne Amevimba

Jepchumba ananichosha. Naliweka hilo wazi mapema, mtu asije akadhani naandika haya kwa mapenzi matupu. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa katika maabara moja hapa Eldoret, yeye akitunza panya, mimi nikichapa rekodi zake kwenye kompyuta, na katika miaka hiyo yote hajawahi kunipa sentensi isiyo na namba ndani yake.

Kazi yenyewe ni hii. Panya weupe wanatiwa bakteria wanaoenezwa na kupe, kisha tunangoja. Wiki ya tatu vifundo vya miguu huvimba, panya akaanza kuchechemea kama mzee aliyeketi kanisani tangu asubuhi. Daktari Kiarie, mkubwa wetu, anataka kujua kwa nini ugonjwa huo hukimbilia viungo. Kila siku Jepchumba humshika panya mmoja mmoja, akabana kifundo kwa kipimo cha chuma, akaandika milimita kwenye daftari. Mimi hutafsiri kwa Kiingereza na kumtumia daktari.

Kule Kimumu anakoishi, majirani wanamwita Mama Panya. Wanabisha mlangoni kumwomba sumu. Akiwaambia kwamba kazi yake ni kuwatunza panya, wanacheka mpaka wanashika ukuta. Wengine wanamletea magoti yao, kana kwamba ana dawa kwenye mkoba. Hata mama yake mzazi huko Turbo, ambaye magoti yake yalimalizwa na jembe wala si kupe, humwuliza kila akipiga simu kama panya wameshapona.

Siku moja nilimwambia, "Jepchumba, andika tu amevimba kidogo, twende chai."

"Kidogo ni ngapi, Mama Byron?" akauliza. "Kidogo yako na yangu ni moja?"

Chai ikapoa. Nilikasirika siku nzima.

Mwaka huu panya kumi na sita walitiwa bakteria siku moja. Kumi na tano wakavimba, vifundo vikapita milimita tatu na nusu. Namba kumi na nne akabaki kwenye mbili nukta sita, akipanda waya za kizimba kama mgeni aliyekuja kutembea tu. Jepchumba akampelekea daktari habari. Daktari akasema labda sindano haikuingia vizuri. Jepchumba akarudi na majibu ya damu: bakteria wamo, tele. Akarudi tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka daktari akachoka kama ninavyochoka mimi.

"Sawa," akasema. "Tumngojee afike wiki ya sita. Akifika bila kuvimba tutachunguza viungo vyake, na jina lako litaingia kwenye ripoti."

Miaka tisa, na jina la Jepchumba halijawahi kutoka nje ya lile daftari. Siku hiyo alikunywa chai ikiwa moto.

Wiki ya tano mama yake akashindwa kushuka kitandani. Jepchumba hakutaka kwenda. Ni mimi niliyemfukuza. "Nenda kwa mama yako! Kwani mbingu zitaanguka ukikosa siku mbili?" Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Akaondoka Jumamosi, akamwachia kazi Tyson, mtaalamu wetu mpya aliyehitimu juzi juzi.

Jumatatu asubuhi nikafungua daftari. Panya kumi na tano walikuwa na namba zao. Kwa kumi na nne hapakuwa na namba. Tyson alikuwa ameandika: "14 amevimba mbaya. Chunga."

Nikachapa kwa Kiingereza kwamba namba kumi na nne amevimba vibaya, anahitaji uangalizi. Nikiri pia kwamba nilifurahi. Hatimaye mtu ameandika kama binadamu.

Daktari alikuwa Nairobi mkutanoni. Akajibu mara moja: kumbe hata kumi na nne alikuwa anachelewa tu. Na sheria yetu ni kwamba panya aliyevimba kupita kiasi haachwi ateseke. Amalizwe leo.

Nikampelekea Tyson ujumbe. Alikuwa na plasta mbili kidoleni. Niliziona, sikuuliza.

"Sawa, madam," akasema. "Hata mimi nilikuwa nashangaa mtamvumilia mpaka lini."

Jepchumba alifika saa sita, amebeba mahindi mabichi ya kutugawia. Akaenda moja kwa moja kwenye vizimba.

"Kumi na nne ako wapi?"

"Pole," nikamwambia. "Alivimba. Daktari akasema amalizwe."

"Alivimba ngapi?"

Nikamfungulia daftari. Alisoma mara moja tu, akamwita Tyson.

"Hii amevimba ni nini?"

"Si alikuwa amevimba, madam! Alikuwa anajifanya mkubwa. Alikataa kushikwa, akaniuma mara mbili. Ndio nikaandika mchunge, asiwaume pia."

"Na mguu?"

"Mguu? Mguu ulikuwa sawa tu."

Nikakaa chini. Mwanangu Byron huniambia kila wiki kwamba dada yake amevimba siku hizi, hasalimii mtu, na sijawahi hata siku moja kumpeleka hospitali. Neno hilo nalijua. Nalisikia jikoni kwangu. Nilipolifikisha kwenye kompyuta, nikalifanya ugonjwa.

Nilingoja Jepchumba anipigie kelele. Laiti angenipigia! Alikwenda kwenye friji, akamtoa kumi na nne, akamlaza mezani mbele yangu, akaniwekea kipimo mkononi.

"Pima."

"Jepchumba, mimi sijui kupima."

"Pima, Mama Byron."

Nilibana kile kifundo kidogo, kilichokuwa kimeshapoa, nikasoma. Nikasoma tena, nikitamani nimekosea.

"Sema," akaniambia.

"Mbili nukta sita."

Akaandika kwenye ile nafasi iliyokuwa tupu, kwa mwandiko wake ule ule ulionyooka. Kisha akageuza daftari likanielekea. Kwenye safu ya mwisho, mahali pa jina la mpimaji, ambapo kwa miaka tisa ameandika lake, akanipa kalamu niandike langu.