Nyundo za Gikondo

Chuo chetu kilianzia mtaa wa Gikondo, kwenye ghala lililopakana na gereji. Mafundi wa bodi za magari walikuwa wakigonga mabati kutwa nzima, na mimi na hasira zangu niliwafuata mara mbili kuwagombeza. Wakanicheka: "Mwalimu, wewe iko na kazi, na sisi iko na kazi." Nikarudi darasani.

Basi nikazoea kusomesha kwa kufuata nyundo. Zikilia, nanyamaza, zikitulia, nasema. Wakati wa kelele wanafunzi waliandika, na aliyeelewa akamfafanulia mwenzake sikioni, kwa Kinyarwanda, Kifaransa, Kiswahili, chochote kilichofaa. Mimi nilidhani tunapoteza muda.

Chuo kikakua. Tukapata ghorofa kilimani, lifti, vipaza sauti, na kimya. Ee, kimya kile! Nilikifurahia kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nikawa nasema saa mbili mfululizo. Mtihani ulipokuja, karibu darasa zima likaanguka. Nikawaita wavivu. Muhula uliofuata wakaanguka tena, na mkuu wa kitivo, mama mpole, akaniita ofisini.

"Mzee wangu, nimekuombea muhula mmoja tu. Wakifeli tena, mkataba hautaongezwa."

Nilikosa usingizi. Darasa ndilo maisha yangu, sifichi. Siku moja nikapeleka gari gereji ileile. Nikiwa naongea na fundi, nyundo zikaanza, nami nikanyamaza katikati ya maneno, nikisubiri zitulie. Loh! Kumbe mjinga ni mimi! Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kesho yake darasani nikagonga meza kwa ufunguo, nikanyamaza. Wakatazamana: mzee kasahau somo.

"Andikeni," nikasema. "Ulizaneni."

Kila baada ya muda nikagonga tena. Muhula ule walifaulu wengi, lakini kikao cha kitivo kilikuwa kimeshaamua nisiongezewe mkataba kabla ya matokeo kutoka. Nilikasirika mpaka nikakataa chai ya kuagwa.

Juzi nilikwenda kuchukua vitabu vyangu. Mrithi wangu, ambaye kule ghalani alikuwa mwanafunzi wangu, akikaa upande wa ukuta wa gereji, alikuwa anasomesha mlango umefungwa. Nikasikia meza ikigongwa. Sauti yake ikakoma, na minong'ono ya wanafunzi ikaanza.

Sikuwahi kumwambia neno juu ya jambo lile. Nikatua boksi langu koridoni, nikalia, na hasira zote zikaniisha.