Tandala wa Baba Mkwe

Watu huniuliza kwa nini, miaka ile uwindaji ulipokuwa ruhusa, nilipenda kuingia porini peke yangu, bila kiongozi. Huwaambia kwamba viongozi wana kelele. Uongo mtupu! Kiongozi wangu wa kwanza na wa mwisho alikuwa baba mkwe wangu, na mzee yule alikanyaga majani makavu bila kuyaliza.

Alikuwa ameongoza wawindaji wa kizungu tangu ujana wake. Nilipopata leseni ya dume mmoja wa tandala, mimi mwalimu niliyepanga chumba mtaa wa Majimbo mjini, niliyejua chaki tu, alisema, "Utaenda na mimi." Ningefanyaje? Kwetu Embu baba mkwe hapingwi. Hata kiti hukikalii kabla yeye hajakaa. Nikateremka naye hadi nyika za Mbeere, yeye mbele, mimi nyuma kama mkia.

Alinionyesha pa kukanyaga, pa kuchuchumaa, nusura anionyeshe pa kupumulia. Akanisukuma ndani ya kichaka cha miiba, shati likanaswa mgongoni, nikashindwa hata kugeuka. Yeye akasimama nyuma yangu na bunduki yake. Tandala akatokea, pembe zimejiviringa, na mzee akanong'ona, "Piga."

Nikavuta. Kimya! Nilikuwa nimesahau kufungua sefti, kile kizuizi cha risasi. Papo hapo mlio ukapita juu ya sikio langu, tandala akaanguka. Mashemeji zangu, waliokuwa wakingoja garini, walifika mbio na kumkuta mzee ameushika mkono wangu, ameuinua juu. "Mwalimu amemwangusha kwa risasi moja!"

Nilifungua mdomo. Akaniangalia, akangoja. Nikaufunga. Ngai, Mungu wangu, ningemwitaje mkwe wangu mwongo mbele ya wanawe?

Tangu siku hiyo nikawa mfungwa wa tandala. Kila harusi, kila Krismasi, "Mwalimu, waambie!" Na kila mara mzee alinikazia macho mpaka nimalize. Nilidhani ananionya nisimwaibishe. Basi kila nilipopata leseni nikawa naenda peke yangu, bila kumwambia mtu, kumtafuta tandala wangu mmoja wa haki. Nikakosa, nikakosa tena. Lakini huko nilikosa mwenyewe, kwa mkono wangu, na haki ya Mungu nilirudi mikono mitupu nikipiga mluzi. Kisha serikali ikapiga uwindaji marufuku, nami nikabaki na yule yule wa kusingiziwa.

Mzee alipofariki, niliitwa mbele ya waombolezaji nimtolee sifa. Nikasimulia tandala. Watu wakacheka huku wakilia. Jioni mke wangu akanipakulia githeri, akaketi mbele yangu bila kula.

"Baba aliniambia siku ile ile," akasema. "Bunduki yako haikulia."

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hii?"

"Alinikataza. Alikuwa anangoja umkatalie, hata mara moja tu. Alisema mtu asiyeweza kumwambia yeye hapana, atanitetea mimi kwa nani?"

Nikauliza kama alikufa bado anangoja.

"Kwani kule hospitalini hakukuuliza?"

Aliniuliza. Alinishika kidole, akaniuliza nilimpiga wapi yule mnyama. Nami nikamjibu, "Shingoni, mzee."