Jiwe la Kijani la Mama

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alifanya miezi mitatu tu kumbebea mizigo Mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta madini upande wa Longido, akarudi kwetu Kimandolu akiwa mtaalamu. Hakuna jiwe lililopita mbele yake bila kuhukumiwa. Mawe yetu meusi ya Meru, yale yenye matundumatundu, aliyaita takataka za mlima. Zumaridi, vile vito vya kijani, ndizo alizozisifu, na alizipanga kwa aina: inayong'aa, iliyofifia kama maji ya sabuni, na ile ya kuwinda hasa, inayojificha ndani ya jiwe la kawaida. Neno lenyewe alilitoa kanisani, kwenye Ufunuo, katika yale mawe ya misingi ya mji mtakatifu. Mimi nilikuwa simpendi hata kabla ya hapo.

Jiwe langu la kusagia lilikuwa la kijani, lenye madoa mekundu. Mama alizaliwa Longido, na siku anaolewa huku mlimani lilikuja naye juu ya punda. Alilisagia ulezi miaka yote, hadi katikati pakabonyea. Alipofariki sikurithi kitu kingine. Kila nikisaga, mikono yangu ilipita palepale ilipopita yake, na hapo ndipo nilipomlilia, maana mbele za watu sikuweza.

Basi nikaenda Olmotonyi kumuuguza shangazi siku mbili. Niliporudi nikakuta jiwe limepasuliwa kwa nyundo, vipande vimetapakaa uani, na shemeji amechutama katikati yake akivilamba kimoja kimoja ili rangi ionekane vizuri. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, nitakuja kumshukuru. Ningefungua mdomo, ningeshika na nyundo.

Vipande vikubwa alivipeleka mjini kwa sonara wa Kihindi. Alirudi navyo vyote, uso umemsinyaa. Sonara alikuwa amemwambia hapakuwa na zumaridi ya aina yoyote pale, ni jiwe la kawaida, ila lingekuwa zima lingefaa sana kusagia.

Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua shemeji aniletee jiwe jingine. Akaokota lililokuwa karibu, jeusi, la matundumatundu, akalibwaga mlangoni. Mume wangu akasema mambo yamekwisha. Kwangu yalikuwa hayajaanza.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja kula kwetu, kama kawaida yake. Uji wa mume wangu niliupika kwa unga nilioazima kwa jirani. Unga wa shemeji niliusaga mwenyewe juu ya jiwe alilolileta, nikikandamiza kwa nguvu zangu zote, na sikuuchekecha. Alipiga funda la kwanza, akasita, meno yakalia.

"Shemeji, huu uji una mchanga."

"Tafuna polepole," nikamwambia. "Huenda ni zumaridi."