Salamu za Mtu wa Sekenke

Watu wa hapa Kinyangiri wakisikia nilikuwa nesi wa jeshi vitani, huniuliza kama niliogopa risasi. Risasi! Mimi nilichoshwa na matope. Tulikuwa manesi sita kwenye hema moja linalovuja, kila mtu na ndoo yake moja ya maji kwa siku, humo humo unywe, uoge, ufue. Nguo za ndani tulizilalia mbichi ili zikauke kwa joto la mwili. Chawa walitutafuna mpaka nikanyoa kipara, na nilikuwa na nywele zangu nzuri jamani. Maharage asubuhi, maharage jioni.

Kazi yangu ilikuwa kupokea majeruhi. Daktari mmoja, meza ya upasuaji moja, kwa hiyo mimi ndiye niliyeamua nani atangulie. Ukikosea, mtu anakufa.

Mchana mmoja lori lilileta wawili. Kijana aliyevunjika mguu alikuwa anapiga kelele. Mwingine, dereva, mtu mzima, alikaa ameegemea gurudumu, koti kalifunga mpaka shingoni, kimya. Nilimfahamu, mtu wa Sekenke, Mnyiramba mwenzangu. Nikamwamkia kwa Kinyiramba, kama ninavyomwamkia baba yangu. Akaitikia taratibu, akaulizia nyumbani. Nikamuuliza hali yake. Akasema nzuri.

Nikaondoka. Mungu wangu, nikaondoka!

Kwetu hali huwa nzuri kwanza. Hata mwenye msiba atakwambia nzuri, atanyamaza kidogo, ndipo aseme "ila". Unamsubiri. Mtoto mdogo anajua kumsubiri. Nesi wa kabila lingine angemfungua koti pale pale bila salamu. Mimi nilimsalimia kinyumbani, nikaridhika, nikamwingiza yule wa kelele mezani.

Niliporudi alikuwa amekaa vile vile. Nikafungua koti. Tundu lilikuwa dogo tu, lakini tumbo lilikuwa limejaa, gumu kama ubao. Nikamwita daktari kwa sauti yangu yote; alikuwa katikati ya mguu wa kijana, hawezi kuuacha. Kwa woga nikamfokea mzee wa watu.

"Baba, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nataka kusema, mwanangu," akanijibu, kwa upole kabisa. "Ukaondoka."

Alikufa kabla meza haijapanguswa.