Modesta wa Asubuhi, na Moyo Uliomrudisha Wodini

Nimeandika na kufuta tangu jana. Modesta hayupo. Akili yangu bado inagoma.

Wengi wenu mlimjua kwa sauti tu, yule dada wa kipindi cha asubuhi redioni kwetu Tabora. Mimi nilikuwa fundi mitambo wake. Yeye kwenye maiki, mimi nyuma ya kioo, hedifoni masikioni.

Alikuwa na mbwembwe jamani! Anaingia studio, anavua viatu, anasema, "Kassimu, niwashie nikaamshe watu." Halafu anasalimia wa Usoke, wa Lusu, wa Nzega na Igunga kwa pumzi moja.

Wachache tu tulijua kwamba vali moja ya moyo wake, kijimlango cha kupitishia damu, ilikuwa imesinyaa. Alipokuwa mdogo huko Kwihara aliugua homa ya viungo. Homa ikapona, ikamwachia kovu ndani.

Mwaka jana akaenda Dar. Hawakumpasua kifua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakaifungua vali kwa kijiputo.

Akarudi Tabora, akashuka kwenye treni anatembea mwenyewe. "Kidonda chenyewe kama nimeumwa na mbu!" Ofisi nzima vigelegele.

Lakini daktari alikuwa amemwambia na jingine: vali imefunguka, ila inavuja kidogo. Dawa asiache, kliniki asikose. Akivimba miguu au pumzi zikipungua, arudi haraka.

Mimi ndiye niliyesikia kwanza pumzi zikipungua. Hedifoni hazifichi kitu. Katikati ya salamu, kabla hajafika Igunga, akavuta hewa kama mtu anayeibuka majini.

Wasikilizaji hawakugundua.

Kikaja kikohozi kikavu. Halafu vile viatu, wakati wa kutoka, vikawa haviingii tena miguuni.

Nikamuuliza wimbo ukiwa unacheza. "Mode, dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Zote?"

Akanitazama kupitia kioo. "Ile ya kutoa maji inanipeleka chooni kila saa. Nikiwa live, maiki nimwachie nani?"

"Nitaunganisha nyimbo mbili, we kimbia." Akacheka, kicheko kikakatikia njiani. Siku hiyohiyo nilimpigia mama yake.

Wakamlaza hospitali. Mapafu yalikuwa yameanza kujaa maji. Akachomwa sindano, maji yakatoka, akaruhusiwa. Amekonda, lakini anatania: "Mboga bila chumvi, Kassimu! Hata dagaa niliowachukia nawaota."

Tangu hapo akawa mtiifu kuliko sote. Vidonge mezani, maji ya kunywa kwa kipimo, nyimbo mbili mfululizo kila akihitaji. Tukasema yamekwisha.

Hayakwisha. Alirudi wodini, na safari hii hakuwa ameruka hata kidonge kimoja. Muuguzi alipomwona mlangoni alisema tu, "Modesta… umerudi?"

Daktari akatuita pembeni. Vali inavuja zaidi, sasa inatakiwa kubadilishwa kwa upasuaji wa kifua, Dar. Ila hawezi kusafiri katika hali ile. "Tunasubiri apate nguvu kwanza."

Mama yake akauliza, "Na huo moyo, baba, nao unasubiri?"



Wakamruhusu akakusanye nguvu nyumbani Kwihara. Kila nikipiga simu mama anasema, "Amelala kidogo." Nasikia kikohozi nyuma yake. Mvua zilipoanza, akarudishwa wodini mara ya tatu.

Nilimkuta amekaa wima kitandani, amekumbatia mto. Kulala chali alikuwa hawezi. Maneno yalitoka mawili mawili.

"Nani… yuko hewani?"

"Nimeweka muziki."

"Asubuhi… bila mtu… si vizuri."

Nikamwambia atarudi kazini. Akageukia dirishani, akasema, "Nenda… watu wanaamka."

Nikaenda. Nilikuwa bado kwenye mitambo simu ya mama ilipoingia. Nikatazama jina lake kwenye kioo cha simu, nikashindwa kupokea. Ikakata. Ikaita tena, nikapokea.

Mimi sijawahi kuongea redioni maisha yangu yote. Siku ile niliketi kwenye kiti chake nikawatangazia msiba. Mlionisikia mnisamehe, sauti haikuwa yangu.

Nilipomaliza, kompyuta ikacheza jingle ya saa, kile kibwagizo kifupi cha kipindi, kama ilivyopangwa. Ni yeye, aliirekodi aliporudi kutoka Dar, kwa ile salamu ya asubuhi ya kwetu: "Mwangaluka Tabora! Amka, kumekucha, jua halimsubiri mtu!" Sentensi nzima, moja kwa moja, bila kukatika.

Simu zikamiminika. Wengine wanalia, wengine wanafoka kwamba tumekosa utu. Nikanyoosha mkono niifute ile jingle. Simu ya studio ikaita tena, nikapokea, nikaitambua sauti ya mama yake.

"Shikamoo mama. Utusamehe, naitoa sasa hivi."

"Usiitoe, mwanangu," akasema. "Iache. Hapo anapumua vizuri."

Jana tumemzika Kwihara. Jingle ipo.

Kwaheri Mode, dada yangu. Watu wameamka, kazi umemaliza. Lala sasa, lala salama.