Amri ya Kupita

Jumamosi, kwenye kantini moja hapa Kasese, fundi Mkenya wa kiwanda cha simenti alifungua boksi lake. Ndani mlikuwa na mchezo wa mbio uliotokana na gemu za televisheni: barabara ya kadibodi, dadu, na magari madogo kama maharagwe. Mashabiki waliuchangia mtandaoni kabla haujatengenezwa, kama sisi tunavyochangia harusi.

Afande mmoja kutoka Bwera akacheza na dereva wake. Kwenye kona ya mwisho dereva alirusha dadu, akapata sita. Hatua hizo zilitosha kumpita mkubwa wake na kushinda. Akasogeza gari lake taratibu, akaliegesha nyuma ya la afande.

"Mbona unasimama?"

"Afande, kila siku barabarani unaniambia nisipite mutu."

Afande akajikuna shingo. Sisi wengine tukaangalia soda zetu.

"Pita. Hiyo ni amri."

Dereva akapita, akashinda, akapiga saluti akiwa ameketi. Afande akacheka mpaka akafuta macho.

Lakini amri ikishatoka haina mipaka. Walipopanda gari lao kurudi Bwera, nilimwona afande akitafuta mkanda, akaufunga, kisha akauvuta tena kuhakikisha.